Watu wa Kidato cha Kumi

Nchi yetu haina jina katika hadithi hii, na naomba msilitafute. Aliyelitafuta mwaka juzi alilipata, ila yeye mwenyewe hajapatikana mpaka leo. Jueni tu kwamba ni nchi nzuri, ina milima, mito na wizara arobaini na mbili, na kwamba mimi, Zakayo Mtandi, niliitumikia nikiwa Karani Mdodosaji wa Daraja la Tatu katika Wizara ya Furaha na Kuridhika. Nasimulia niliyoyaona kwa macho haya. Sina ubaya na mtu, hasa mwenye gari la king'ora.

Wizara yetu ilizaliwa kwa hasira. Wakubwa wa dunia walitoa jedwali la nchi zenye furaha, na sisi tukawa wa tatu kutoka mwisho. Mtukufu Kiongozi husoma majedwali kuanzia juu. Alisoma, akageuza ukurasa, akasoma, akamaliza chai, na alipotukuta kule chini alirusha kikombe. Siku ile ile redio ikatangaza kwamba furaha lazima ipatikane nchini kabla ya Sikukuu ya Taifa, na mtumishi atakayezembea atachukuliwa hatua kali.

Tukapewa jengo la ghorofa saba, lifti isiyopanda, na kanuni za kazi. Kanuni ya kwanza ilimtaka kila mtumishi atabasamu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne, wakati wa wageni. Mzee wa masjala, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe wiki ile, aliandika barua kuomba ruhusa ya kununa siku tatu. Alipewa siku moja, tena akaambiwa ashukuru.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Dakta Fulgensi Mbazigwa, mtu mwenye sauti nene na shingo ya kuisindikiza. Aliitisha warsha ya wiki mbili katika hoteli ya ufukweni ili kujua nini humfurahisha mtu maskini. Maskini hawakualikwa, isije ikasemwa tumewachanganya mawazo. Wataalamu walikula, wakajadili, wakala tena, na siku ya mwisho wakaleta Fomu Namba Kumi. Ilikuwa na maswali mawili tu. La kwanza: habari za maisha? La pili: fikiria ngazi yenye vidato kumi, juu kabisa maisha mazuri kupita yote, chini kabisa maisha mabaya kupita yote, wewe leo umesimama kidato cha ngapi?

Chini ya fomu paliandikwa kwa herufi ndogo: "Mdodosaji asipoteze muda kusoma maelezo. Aulize namba tu." Mimi ni mtu wa kutii herufi zote, kubwa na ndogo.

*

Nilipangiwa kijiji cha Kwamzindo, mwendo wa siku mbili kutoka mji mkuu: siku moja ya kupanda gari na siku moja ya kulisukuma. Watu wa huko hulima mahindi na maharage kwenye miteremko, na hutegemea mfereji mmoja ambao babu zao waliuchimba kutoka mlimani. Maji yale huenda kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na mtu anayeiba zamu ya mwenzake hasalimiwi msimu mzima.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Nyanzala, mjane wa makamo anayelea wajukuu wanne. Uani kwake palisimama mlingoti mrefu na ngazi ya mti imeegemezwa. Huko juu kabisa ya mlingoti yalining'inia mahindi kidogo, yamefungwa kwa maganda yake. Kila ua kijijini ulikuwa na mlingoti na ngazi kama hiyo. Nikadhani ni mapambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Habari za utokako?"

"Nzuri. Habari za maisha hapa?"

"Nzuri, ila..."

"Ahsante," nikasema, nikaandika nzuri. Fomu ilikuwa na mahali pa "nzuri" na mahali pa "mbaya". Mahali pa "ila" hapakuwapo, na mimi siyo mtu wa kuandika pembeni ya mistari.

"Swali la pili, mama. Kwenye ngazi yenye vidato kumi, leo umesimama kidato cha ngapi?"

Alinitazama kwa mshangao. "Nani kakwambia habari za ngazi?"

"Serikali."

"Kumbe Serikali inajua!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi kama inajua, nifiche nini? Cha kumi, baba. Tangu wiki iliyopita niko cha kumi."

"Cha kumi? Una hakika?"

"Jambo kama hilo mtu atalikosea?" Akanishika mkono. "Mtatukumbuka lakini?"

"Serikali inathamini majibu yako," nikamjibu, maana ndivyo mwongozo ulivyosema. Kwenye sehemu ya maoni nikaandika: "Mhojiwa alitoa machozi ya furaha."

Nikazunguka nyumba zote mia mbili na kumi na mbili. Cha kumi. Cha kumi. Cha tisa, kesho cha kumi. Mzee mmoja aliyeitwa Lubango, mgawa zamu za mfereji, alinijibu huku ameinamisha kichwa, nami nikamsifu moyoni kwa unyenyekevu. Mtu pekee aliyejibu tofauti ni mwenye duka. "Mimi Mungu kanijalia," alisema akipapasa tumbo, "niko cha pili." Nikamwonea huruma sana mtu yule.

*

Matokeo yalipofika wizarani, kicheko kilitoka chenyewe kabla hata ya saa mbili. Kijiji kizima kidato cha kumi! Hata nchi za theluji hazijawahi kufika huko. Waziri Mbazigwa alihutubia taifa kwa redio kwa saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "Wizara imetafiti, imechambua, imechakata, imepembua, na hatimaye imebaini. Watu wa Kwamzindo hawana barabara, hawana umeme, hawana zahanati, na wana furaha kuliko binadamu wote! Hii inathibitisha kisayansi kwamba furaha huongezeka kadiri vitu vinavyopungua. Furaha hiyo ni rasilimali ya taifa kama dhahabu. Na ole wake atakayeichafua kwa maendeleo!"

Ukatoka Waraka wa Kulinda Furaha. Nguzo za umeme zilizokuwa zimebakiza kilomita mbili kufika Kwamzindo ziling'olewa kwa uangalifu mkubwa. Muuguzi aliyekuwa akipita mara moja kwa mwezi alihamishwa, kwa kuwa mtu mwenye furaha haumwi. Kisha ikaja zamu ya maji.

Hapa lazima niwaeleze habari za Vilima vya Heri, mtaa wa wakubwa kule mji mkuu. Huko nako tulidodosa. Bwana mmoja alifikiri sana, akachungulia bwawa la kuogelea la jirani yake, akapumua kwa uchungu, akasema, "Kidato cha pili." Mke wake akamshika bega. "Unajikaza tu, mume wangu. Sema ukweli. Tuko cha kwanza." Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Nyasi zao zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya manjano, chemchemi za mapambo zinarusha maji hadi kiunoni tu, na hakuna aliyekuwa akiwajali.

Taifa gani litawaacha watu wake kwenye hali hiyo? Ukaundwa Mpango wa Dharura wa Kuwanusuru Wenye Huzuni. Kule mlimani, pale mfereji wa Kwamzindo unapoanzia, likajengwa bwawa na lango la chuma lenye kufuli. Likazungushiwa ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Maji yakageuzwa kwa bomba kwenda Vilima vya Heri. Barua ya kuwajulisha wanakijiji iliandikwa kwa lugha ya adabu: "Mnaombwa kuendelea kufurahi."

*

Wiki tisa baada ya udodosaji wangu nilirudishwa Kwamzindo kuandaa sherehe. Mtukufu Kiongozi mwenyewe alikuwa anakuja kuwatunuku Nishani ya Furaha. Fundi wa mjini aliunda ngazi ya chuma ya vidato kumi, ndefu kuliko nyumba, na kidato cha juu kikapakwa rangi ya dhahabu. Kwa kuwa kijiji kizima ni miteremko, jukwaa tuliliweka mahali pekee palipokuwa bapa: ndani ya mfereji mkavu.

Bi Nyanzala alikuwa amechaguliwa na Wizara kuwa Mwananchi Mwenye Furaha Kuliko Wote, maana jina lake lilikuwa la kwanza kwenye fomu zangu. Nilimkuta shambani, nimpe habari njema. Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati ule ambao mhindi usipopata maji ndani ya siku chache hubaki bua tu. Majani yalikuwa yamejikunja.

"Ni wewe," alisema. Hakunipa mkono. "Ulipotuuliza ngazi tukajua chakula kinakuja. Imekuja kufuli."

"Mama, lakini ulisema uko kidato cha kumi."

"Nilisema."

"Na cha kumi si ndicho cha raha?"

Alinitazama hadi nikaona haya bila kujua kosa langu. Kisha akanivuta hadi uani, akanisimamisha mbele ya mlingoti.

"Wewe umezaliwa wapi, wewe? Tukivuna, mahindi tunayatundika hapa, kuanzia chini mpaka juu. Tunakula ya chini kwanza. Mwenye kidato cha kwanza anachuma amesimama chini kama bwana harusi. Mwezi ukienda unapanda cha pili, cha tatu. Huku juu kabisa tunatundika mbegu. Mbegu haliwi! Ukimwona mtu kidato cha kumi, ujue watoto wake wanalia na amepanda kula mbegu." Akanyoosha kidole kuelekea shambani. "Siku ile ulipoondoka nilikata shada la mwisho. Nusu nikawapikia wajukuu, nusu nikaifukia pale shambani. Hiyo unayoiona inakauka ndiyo hiyo nusu. Ikifa hiyo, mwakani sina cha kupanda. Nitapanda nini, fomu yako?"

Nilikuwa nimekwenda nyumba mia mbili na kumi na mbili, watu wananiambia njaa yao, nami nawapongeza. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ilikuwa ngumu kwa ukame.

Waziri alikuwa ametangulia kukagua zulia. Nikamkimbilia, nikamweleza yote, ngazi na mbegu.

"Zakayo," alisema taratibu, "umepata kuona takwimu iliyopigwa muhuri ikirudi nyuma?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ila hawa watu wana njaa."

"Ila, ila! Fomu ina ila? Hiyo ni njaa yenye furaha. Watu wazima wamekiri wenyewe. Nenda kahakikishe yule mama ameikariri hotuba."

Hotuba yenyewe ilikuwa na maneno saba: "Tuna furaha. Hatuna haja. Ahsante Mtukufu Kiongozi." Nilimpelekea Bi Nyanzala. Hajui kusoma, kwa hiyo nikamsomea. Akaomba nimsomee na ratiba ya sherehe, yote, kuanzia juu mpaka chini. Nikamsomea. Kwenye kipengele cha tisa aliniambia nirudie.

"Kipengele cha tisa," nikarudia. "Wananchi kuandamana kwa shangwe huku bendi ikipiga. Askari watapiga saluti."

"Na ratiba hiyo nani kaitia sahihi?"

"Mtukufu Kiongozi mwenyewe."

"Basi hotuba nimeielewa," alisema, akaenda kumtafuta Mzee Lubango.

*

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali. Mtukufu alishuka kwenye gari, akapanda jukwaani pale mferejini, akakaa kwenye kiti cha enzi chini ya turubai. Waziri akamsifu kwa dakika arobaini. Alimwita Chemchemi, Mvua, Mto na Bahari, mbele ya watu ambao walikuwa wameteka maji ya kunywa kwenye shimo la udongo.

"Na sasa," alinguruma, "Mwananchi Mwenye Furaha Kuliko Wote atapanda Ngazi ya Taifa!"

Bi Nyanzala akapanda. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya bendera. Alipanda kama anavyopanda kila mwaka, bila kushika mara mbili, kiguu kidato, kiguu kidato, hadi kwenye ile dhahabu. Waziri akamnyooshea kipaza sauti kilichofungwa kwenye ufito.

"Mama, waambie. Habari za maisha?"

"Nzuri," akasema. Wakubwa wakapiga makofi. Yeye akasubiri yaishe, kama mtu mwenye adabu. "Ila hiki kidato nakijua. Hapa nimesimama miaka mitatu nikila mbegu. Mtukufu, mimi sina furaha, nina njaa. Hawa wote unaowaona wana njaa. Wanacheka kwa sababu kucheka hakujawekewa kufuli. Na tukicheka msifikiri tunawaruhusu."

Kipaza sauti kikapata hitilafu ya kitaalamu. Haikusaidia kitu, kwa sababu mwanamke aliyezoea kuita watu kutoka mteremko mmoja hadi mwingine hahitaji umeme.

"Kutoka huku juu naona mlimani," aliendelea. "Naona ndani ya ukuta. Jamani, maji yamejaa! Yamejaa mpaka yanang'aa!"

Watu walipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Haikuwa shangwe. Bi Nyanzala akashuka, na kabla mguu wake wa pili haujagusa chini, wanawake ishirini walikuwa wameshaikamata ile ngazi, wameilaza mabegani. Mzee Lubango akatangulia na jembe lake. Mkuu wa bendi alitazama ratiba, akaona kipengele cha tisa, akainua fimbo. Ngoma zikaanza. Askari walitazamana, wakatazama sahihi ya Mtukufu, wakapiga saluti. Kijiji kizima kikapita katikati yao kikiwa na ngazi, majembe na nyundo ya fundi.

"Hayo ndiyo maandamano?" Mtukufu aliuliza.

"Ndiyo, Mtukufu," alisema Waziri, akitoka jasho. "Ni ya hiari kabisa."

"Wanakwenda wapi?"

Waziri akanitazama mimi. Miaka kumi na tisa ya utumishi, katika wizara hii na nyingine, nilikuwa nimejibu kwa mujibu wa mwongozo. Siku ile mwongozo ulikuwa kwenye mkoba, na mkoba nilikuwa nimeusahau makusudi.

"Wanakwenda zamu yao, Mtukufu," nikasema.

Bendi ilipiga nyimbo sita. Kule mlimani tuliona ngazi ikisimama kwenye ukuta, kanga zikitupwa juu ya vipande vya chupa, na watu wakipanda mmoja mmoja. Tukasikia chuma kikigongwa. Waziri alikuwa katikati ya sentensi isemayo "utulivu ni chimbuko la..." pale ulimi wa maji ulipotokea kwenye kona ya mfereji, wa matope, umebeba majani na viatu viwili vya mlinzi wa lango. Ulilamba zulia. Ukapanda kwenye soksi za Baraza zima la Mawaziri. Mtukufu alinyanyua miguu yake mitukufu, akakaa hivyo hivyo, magoti kidevuni, mpaka walipokuja kumbeba.

Nililia siku ile. Mahali pa maoni mngeniandikia nini, sijui.

*

Tume iliundwa. Ilichunguza kwa muda mrefu, ikagundua kwamba ratiba ilifuatwa kikamilifu na hakuna wa kushtakiwa isipokuwa mkuu wa bendi, aliyepiga kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kujibu swali. Nikahamia Kwamzindo, nikapewa kipande cha mteremko na zamu ya mwisho kwenye mfereji, maana kosa langu hawajalisahau lote.

Lango lilifungwa tena baada ya siku nane, lakini mahindi ya Bi Nyanzala yalikuwa yameshakunywa. Alivuna. Lile lango tumelifungua tena mara nyingi. Wakituma fundi wa kuongeza mstari mmoja wa matofali juu ya ukuta, sisi tunaongeza kidato kimoja cha mti juu ya ile ngazi ya chuma. Sasa ina vidato kumi na vitatu.

Mwezi uliopita Wizara ilituma mdodosaji mpya, dada mmoja mpole mwenye fomu ile ile. Alimkuta Bi Nyanzala uani. Mlingoti umejaa mahindi kutoka juu mpaka usawa wa magoti, naye anachuma la chini kabisa.

"Habari za maisha, mama?"

"Nzuri."

Dada akangoja kidogo, labda amesikia sifa zetu. Hapakufuata "ila".

"Kwenye ngazi yenye vidato kumi, umesimama kidato cha ngapi?"

"Cha kwanza, mwanangu," Bi Nyanzala alisema akicheka. "Cha kwanza kabisa. Wiki ya sita sasa sijainua mguu."

Yule dada alishika kifua. "Pole sana, mama," akanong'ona, akaandika moja. Nyumba zote mia mbili na kumi na mbili zilimjibu hivyo, na aliondoka kijijini akifuta machozi, na hindi la kuchoma mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa barazani. Sikumsahihisha, kanuni inakataza.

Jana redio imetangaza kwamba Kwamzindo ndicho kijiji chenye huzuni kuliko vyote nchini, na kwamba chini ya Mpango wa Dharura wa Kuwanusuru Wenye Huzuni, maji ya bwawa tutaletewa sisi. Waziri Mbazigwa atakuja Jumamosi kutupa pole na kufungua lango kwa mikono yake. Nilimpelekea Bi Nyanzala habari hiyo, nikamuuliza kama sasa tuirudishe Serikalini ngazi yao.

"Irudi?" alisema. Alikuwa anachagua mahindi ya mbegu, yale makubwa. "Mwambie seremala akate vidato viwili vingine, akaviweke akiba."